Injini Inapotetemeka Gari Likiwa Limesimama

Miongoni mwa maradhi yote ya motokaa, ni machache yawatiayo wenye magari hasara ya bure kama hili la injini kutetemeka gari likiwa limesimama. Dereva akingoja nyuma ya malori pale Malaba, au mbele ya lango la forodha la Busia, mguu wake ukiwa umetoka kwenye pedali ya mafuta, usukani humcheza mkononi, milango hutoa mlio wa kuparaza, na abiria hutazamana. Foleni ikisogea naye akakanyaga mafuta, mtikisiko hupungua au hutoweka kabisa. Hujipa moyo kwamba gari limepona. Jioni akifika Tororo na kusimama tu, ugonjwa umerudi.

Kinachofuata aghalabu ni safari ya kwa fundi, na fundi asiyepima huanza kubahatisha. Leo hununuliwa plagi, kesho koili, kesho kutwa pampu ya mafuta. Mwenye gari hulipia kila jaribio, na muhula unapofunguliwa karo ya mtoto imekwisha kumezwa na boneti, huku injini ikitetemeka vile vile. Kwa hiyo habari hii haimhusu dereva peke yake. Inamhusu kila mtu wa nyumba yenye gari, maana fedha hizo hutoka katika mfuko mmoja. Na ipo sababu nyingine kubwa kuliko fedha, nayo inahusu breki. Itaelezwa mahali pake.

KWA NINI HUTETEMEKA

Injini nyingi za petroli za magari madogo zina silinda 4. Kila silinda hupasua moto mara moja katika kila mizunguko miwili ya injini. Gari likiwa limesimama, injini nzima huzunguka kiasi cha mara 600 hadi 900 kwa dakika. Mwendo huu mafundi wengi wa Afrika Mashariki huuita "sailensa". Chukua injini inayozunguka mara 750 kwa dakika. Silinda 4 zikifanya kazi sawasawa, hupatikana misukumo 25 kila sekunde, iliyofuatana kwa nafasi zilizo sawa, nayo mikono ya binadamu huisikia kama mtetemo mwororo tu. Silinda moja ikikosa moto, au kama wasemavyo mafundi, injini "ikimisi", pengo hutokea mara 6 na ushei kila sekunde. Pengo hilo ndilo linalotikisa usukani.

Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mapengo huwa mengi zaidi na mafupi zaidi, na gurudumu zito lililo nyuma ya injini huyafunika kwa nguvu ya mzunguko wake. Ndiyo sababu ugonjwa hujificha gari likienda. Haukupona. Tena petroli isiyoungua katika silinda mgonjwa hutoka nzima nzima hadi kwenye ekzosi, na katika magari yenye kichujio cha moshi petroli hiyo huungua humo na kukiyeyusha. Mwenye gari anayeendesha miezi mitatu na injini inayomisi hununua moto wa plagi moja kwa bei ya ekzosi nzima.

Swali la kwanza, basi, halipaswi kuwa "kipuri gani kimekufa?" Liwe hili: je, silinda moja ndiyo mgonjwa, au zote zinaumwa kwa pamoja, au injini ni nzima na kinachotikisika ni vikalio vyake? Kwa kipande cha karatasi jibu la awali hupatikana. Washa injini, uiache ipate joto, kisha ushike karatasi nyuma ya mdomo wa ekzosi, mbali kidogo. Karatasi ikisukumwa kwa pigo lililo sawa, injini inapumua vizuri na huenda shida ni vikalio. Ikisukumwa kwa pigo lenye pengo la kurudi rudi, silinda moja haifanyi kazi. Na mara nyingine karatasi huvutwa kuelekea ekzosi. Hapo yafaa kuishuku valvu isiyofunga vizuri. Jaribio hili lifanyiwe nje, peupe, kwa maana moshi wa petroli una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iuayo watu katika gereji iliyofungwa.

KWANZA PETROLI

Wagisu wa Uganda na Wabukusu wa Kenya huuita Mlima Elgon kwa jina la Masaba, na miji ya Busia na Tororo imo katika nchi za chini upande wa kusini wa mlima huo. Ni nchi ya njia kuu. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mafuta ya Uganda imepita kwa malori ya matangi katika vituo vya Malaba na Busia. Jina la bodaboda lenyewe lilizaliwa katika mpaka huu, kwa baiskeli zilizobeba watu na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili. Mahali pa namna hiyo petroli haiuzwi vituoni tu. Huuzwa pia kando ya barabara, katika chupa na jerikeni, hasa inapoadimika. Mwezi Januari 2022, madereva wa malori walipogoma kwa sababu ya vipimo vya Uviko mpakani, petroli iliadimika sana Uganda na bei ikaruka. Siku kama hizo mtu haulizi jerikeni ilikuwa na nini kabla.

Petroli ya jerikeni inaweza kuwa na mambo mawili mabaya. La kwanza ni maji. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hutulia chini ya tangi, mahali pale pale pampu inapofyonza. La pili ni mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi kama petroli, hasa injini ikiwa baridi, basi huungua nusu, huacha masizi kwenye plagi, na injini hutetemeka asubuhi zaidi kuliko mchana. Uchanganyaji huu ulizidi hata serikali ya Kenya ikaweka, mwezi Septemba 2018, tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili bei yake isiwavute wachanganyaji. Tozo hiyo iliwapandishia gharama akina mama wapikao kwa jiko la mafuta ya taa, ambao hawakuchanganya chochote, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Kupima si kazi ngumu. Toa petroli kidogo katika tangi, uitie ndani ya chupa safi ya kioo, uiache itulie kwa muda. Maji yakiwamo utayaona yamejitenga chini, na mpaka wake na petroli huonekana wazi. Kisha dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe, ukae mbali na jua kali. Petroli safi huruka na karatasi hubaki kama ilivyokuwa. Mafuta ya taa huacha doa la mafuta lisilokauka upesi. Bila shaka hakuna mtu mwenye akili atakayefanya jaribio hili karibu na jiko la makaa au mvuta sigara, wala ndani ya nyumba, wala watoto wakiwapo.

Maji yakionekana, tangi halina budi kumwagwa. Kuongeza petroli nzuri juu yake ni kuwasha injini kwa maji yale yale. Ikiwa ni mafuta ya taa kidogo, kujaza petroli safi ya kituo na kusafisha plagi huweza kutosha. Yafaa pia kubadili filta ya petroli, ingawa katika magari mengi ya Kijapani ya siku hizi filta hiyo imefichwa ndani ya tangi pamoja na pampu, na kuitoa ni kazi ya fundi. Ukikumbuka kwamba mtikisiko ulianza siku ile ile au siku ya pili baada ya kununua petroli, umekwisha kupata nusu ya jibu pasipo kufungua skrubu moja.

KUMTAFUTA MGONJWA

Petroli ikiwa safi, atafutwe silinda asiyefanya kazi. Njia ni ya zamani nayo haijapitwa na wakati: injini ikiwa inawaka, kila silinda huzimwa kwa zamu. Ukimzima mzima, injini hulegea na kutetemeka zaidi. Ukimzima mgonjwa, hapana kinachobadilika, kwa sababu hakuwa akifanya kazi.

Katika magari ya zamani yenye distributa, kama zile Peugeot 504 zilizobeba abiria katika njia za Kenya miaka ya 1970 na 1980, fundi huchomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpini wa raba. Katika magari mapya zaidi, ambayo kila plagi ina koili yake juu, haifai kuing'oa koili injini ikiwaka, kwa maana umeme ukikosa njia huweza kuiua koili au kuiunguza kontrol boksi. Hapo huchomolewa soketi ndogo ya waya ya nozeli ya petroli ya silinda ile, kwa sekunde chache tu, kisha hurudishwa. Mikono, nguo na lesso viwe mbali na mikanda na feni.

Fundi mwenye mashine ya kusoma kontrol boksi hupata jibu hilo kwa njia ya mkato. Ikionyesha P0301, silinda ya 1 inamisi. P0302 ni ya 2, na kuendelea. P0300 maana yake ni kwamba zinamisi ovyo pasipo kuchagua. Lakini mashine husema silinda ipi, haisemi kwa nini. Wapo mafundi ambao wakiona P0303 hununua koili ya 3 papo hapo. Mwenye gari na aseme hivi: "Fundi, kabla hatujanunua, hamisha koili ya 3 uiweke ya 2, tuone." Kosa likihamia silinda ya 2, koili ndiyo mbovu. Likibaki pale pale, fedha ya koili imeokoka, na jaribio hilo hilo hufanyiwa plagi.

Plagi yenyewe ikitolewa huzungumza. Ikiwa na rangi ya kahawia iliyopauka, silinda ina afya. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli inaingia nyingi kuliko hewa, au mafuta ya taa yamo. Ikiwa imelowa oili, ringi au mipira ya valvu imechoka. Ikiwa imelowa petroli, moto haupigi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa imezidi na silinda inaungua kwa joto. Plagi zote 4 zipangwe juu ya gazeti kwa mfuatano wake, zisichanganywe, kwa maana ushahidi ukichanganywa hakuna kesi.

Yampasa pia mtu wa nchi hii kukumbuka urefu wa mahali. Busia na Tororo ziko yapata meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi. Magari yenye kontrol boksi hujirekebisha. Lakini gari lenye kabureta iliyopimwa pwani, likipanda hata huku, hunywa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, hutoa moshi mweusi, na plagi zake huwa nyeusi zote 4 kwa namna moja. Hapo hakuna silinda mgonjwa. Skrubu ya kabureta ndiyo inayotaka kupimwa upya.

HEWA YA WIZI, NA BREKI

Sasa ile habari ya breki. Injini inapozunguka polepole hufyonza hewa kwa nguvu kubwa, na hewa hiyo yote inatakiwa ipite katika filta na mlango mmoja uliopimwa. Mpira mmoja ukipasuka, hewa ya wizi huingia pembeni, petroli ikawa haba kwa hewa ile, na injini ikatetemeka. Gari likienda, hewa ihitajiwayo ni nyingi mno hata ile ya wizi haionekani, kwa hiyo mtikisiko hukoma. Joto la injini na umri hukausha mipira. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika ambalo lina umri unaozidi miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilikataza yale yanayozidi miaka 15. Katika barabara moja ya Busia, basi, gari lenye namba ya U huenda liliingia nchini likiwa na mipira ya umri karibu mara mbili ya jirani yake mwenye namba ya K.

Mmoja katika mipira hiyo, ulio mnene kuliko mingine, hutoka kwenye injini kwenda kwenye busta ya breki, lile duara la chuma lililo nyuma ya injini mbele ya dereva. Busta hutumia mfyonzo wa injini kuusaidia mguu. Mpira huo au busta yenyewe ikivuja, injini hutetemeka na pedali ya breki huwa ngumu kama jiwe. Dereva huweza kuzoea ugumu huo kidogo kidogo asitambue, hata siku anaposhuka na abiria katika barabara ya Kapchorwa kwenda Mbale, itelemkayo ubavuni mwa Masaba. Breki haijakatika, lakini hudai nguvu ambayo mguu wake hauna.

Jaribio lake halina gharama. Zima injini. Kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Ishikilie chini kwa mguu, kisha washa injini. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isipozama, gari hilo lisipelekwe mlimani wala lisichukue abiria mpaka litengenezwe, hata kama mtikisiko wenyewe ni mdogo.

Mipira mingine hutafutwa kwa sikio na kwa maji. Kipande cha mpira kikiwekwa sikioni, ncha ya pili ikapitishwa polepole juu ya viungo, mlio wa mluzi husikika mahali penye tundu. Au maji hunyunyiziwa kidogo kidogo juu ya mipira na gasketi ya kuingizia hewa, mbali na koili na nyaya. Injini ikibadili mlio, tundu limepatikana. Wapo wanyunyizao petroli kwa kazi hiyo hiyo juu ya injini inayowaka. Mtu wa namna hiyo asiachiwe gari.

Uchafu wa mlango wa hewa nao si wa kusahauliwa. Barabara za vumbi pamoja na mvuke wa oili hufanya utando mweusi pembeni mwa mlango huo, hewa ya mwendo wa chini ikabanwa. Husafishwa kwa dawa yake na kitambaa laini. Katika magari ambayo mlango huo huendeshwa kwa umeme, usisukumwe kwa kidole. Meno ya plastiki yaliyo ndani huvunjika. Na filta ya hewa ya gari linalolala karibu na kiwanda cha saruji cha Tororo ikaguliwe mapema kuliko kitabu cha gari kisemavyo.

VIKALIO NA MAGONJWA MAKUBWA

Karatasi ya ekzosi ikiwa ilisukumwa sawasawa na bado kiti kinatikisika, hutazamwa vikalio vya injini, ambavyo mafundi huviita maunti: raba nene zilizoshikwa na chuma, kwa kawaida 3 au 4. Raba iliyolowa oili huvimba na kupasuka. Katika gari la gia za otomatiki dalili ni nyepesi: mtikisiko ni mkubwa gari likiwa kwenye D na breki imeshikwa, hupungua likitiwa N. Uhaba wa vipuri ulioikumba Uganda baada ya mwaka 1972 uliwafundisha mafundi wengi kujisaidia kwa walicho nacho, na hata leo wapo wanaokata kikalio katika tairi kuukuu. Hushika injini, hilo halina ubishi. Lakini raba ya tairi ni ngumu, ina nyuzi ndani, na hupeleka mtetemo wote kwenye bodi. Mtu akishakiweka kikalio hicho asilaumu plagi.

Yakikosekana yote hayo, hupimwa mgandamizo wa silinda. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, fundi hutia kijiko kimoja cha oili katika tundu la plagi na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi zimekwisha. Kisipopanda, valvu ndiyo mbovu. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi imeungua kati yao. Haya ni matengenezo makubwa, na mwenye gari anayo haki ya kuviona vipimo hivyo kwa macho yake kabla hedi haijafunguliwa. Injini za dizeli zina taratibu nyingine, na zile mpya zina mafuta yenye shinikizo liwezalo kupenya ngozi ya mkono. Bomba zake zisilegezwe na mtu asiyefundishwa.

Kazi ikiisha, kipuri cha zamani kidaiwe, kirudi nyumbani pamoja na gari. Kisha injini iachwe ipate joto, taa kubwa ziwashwe na feni ya ndani pia, na gilasi iliyojazwa maji nusu iwekwe sakafuni mwa gari, mahali pa tambarare. Maji yatatetemeka kidogo kwa mawimbi madogo yaliyo sawa. Yakirukaruka kwa vipindi, fundi bado hajamaliza. Ikiwa betri iliondolewa wakati wa kazi, sailensa yaweza kupanda na kushuka mwanzoni mpaka kontrol boksi ijifunze upya, kwa hiyo gari liendeshwe siku mbili tatu kabla ya kurudishwa kwa fundi na malalamiko.